Njia za Kutorokea Dhoruba

Jumatatu, 3 Machi

Bosi ametangaza: mwisho wa wiki itachaguliwa skrini moja tu ya kumwonyesha rubani njia ya kuruka. Ni yangu au ya Rula. Rula ni mwenzangu wa meza ya pili; nimempa jina hilo kwa sababu hachori kitu ila mstari ulionyooka. Skrini yake: mstari mweupe, kindege kimoja, wingu la kijivu. Basi. Hata mtoto wa chekechea huongeza jua. Yangu ina upepo wa rangi saba, na njia inameta kama utepe wa zawadi.

Atakayezijaribu ni Kapteni, mzee aliyerusha ndege za mizigo mpaka akastaafu. Ana kiwiliwili cha kabati na maneno ya kuhesabu. Nimemfuata ngazini kumuuliza jambo linaloninyima raha: rubani akishakaa kitini, jicho lake linaanzia wapi?

"Naangalia ninakokwenda," akasema.

Halafu?

"Halafu naangalia nitatorokea wapi nikizibiwa njia."

Nimebaki pale ngazini hadi mfagiaji akaniomba nimpishe. Nitatorokea wapi! Rula hana hilo. Nimepata.

Jumanne, 4 Machi

Nimeongeza njia ya kutorokea. Moja, kushoto. Ikapendeza. Nikajiuliza, kama moja inapendeza, je, nikiweka kwa kila hatua ya safari? Kufikia saa za kutoka kazini skrini ilikuwa sahani ya tambi. Rula akapita, akainamisha kichwa upande, akauliza kwa upole ndege iko wapi. Nikamwambia ipo. Alipoondoka nikaitafuta. Ipo.

Njama nayo nimeisuka. Ratiba ya majaribio naipanga mimi. Nimejiwekea asubuhi, Kapteni akiwa macho. Rula nimempa saa nane mchana, na mpishi wa kantini nimemwomba ampakulie mzee sahani ya kufurika.

Jumatano, 5 Machi

Majaribio yanafanyika kwenye chumba cha rubani cha mfano: viti, usukani, madirisha yenye mawingu ya kompyuta, na hakiondoki sakafuni. Fundi wa chumba alimwekea Kapteni milima na dhoruba.

Sikuwaza kwamba mtu aliye macho huona kila kitu. Kapteni akauliza kwa nini kijani ni upepo hapa na ni mlima pale. Akauliza utepe unameta kwa hatari au kwa furaha. Mwisho akauliza yeye mwenyewe yuko wapi. Nikawa namwonyesha kwa kidole. Tukagonga mlima.

Saa nane alirudi ameshiba, anapiga miayo. Kwa mstari wa Rula aliizunguka dhoruba jicho moja limefumbwa. Rula hakuringa hata kidogo. Hilo ndilo lililoniuma.

Bosi ameturuhusu kurekebisha na kujaribu tena. Nimejikaza kisabuni.

Alhamisi, 6 Machi

Wazo! Kama macho ya Kapteni yana kazi nyingi, tutumie masikio. Mke wangu ndiye huita wagonjwa kwenye kipaza sauti cha hospitali. Sauti yake humtuliza hata mwenye jino bovu. Nikamrekodi asubuhi ndani ya kabati la nguo, katikati ya makoti, pasiwe na mwangwi. Aliuliza mara mbili kama ni lazima mlango ufungwe.

Mchana Kapteni akaingia kwenye dhoruba. Sauti ya njia ya kwanza ya kutorokea ikasema geuka kushoto. Njia ya pili nayo ikasema geuka kulia. Ya tatu ikasema panda. Mke wangu akawa anasema kutoka kila upande, kwa upole uleule. Kisha, juu ya milima, akamkumbusha Kapteni kutoa takataka, gari linapita leo. Hayo alikuwa ananiambia mimi kabatini; nilisahau kuyakata.

Kapteni akajibu, "Sawa, mama," akagonga mlima.

Fundi alicheka mpaka akatafuta kiti. Kapteni hakucheka. Alibaki amekaa, mikono magotini. Nikamuuliza, si kwa njama, nilitaka tu kujua, kama aliwahi kuzibiwa njia kweli. Akasimulia kwamba safari moja wingu lilifunga bonde mbele yake, mafuta yanapungua, na msaidizi, redio na kengele vyote vinamwambia la kufanya kwa wakati mmoja. Kushoto palikuwa na uwazi mwembamba. Alijua upo kwa kuwa aliutazama mapema, kungali kweupe.

"Siku ile sikutaka kuambiwa, kijana. Nilitaka kuona."

Nimerudi nyumbani kwa miguu, nikichungulia kila kichochoro cha kushoto. Gari la taka lilikuwa limeshapita.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi aliniita pembeni. Kompyuta imeelemewa. Ili isizimike ameondoa rangi, utepe, sauti, na njia zote za kutorokea isipokuwa ile ya kwanza. Nikamsihi. Akasema ama hivyo, ama nikapumzike nyumbani. Kapteni alikuwa ameshakaa kitini.

Nilitazama macho yake, maana kwenye skrini sikuwa na la kujivunia. Yalikwenda mbele. Yakaenda kushoto, yakatulia kidogo, yakarudi mbele. Wingu likafunga, na mkono wake tayari ulikuwa unageuza. Tukatokea upande wa pili, kweupe.

Kapteni akagonga skrini kwa ukucha. "Hii ningeipenda siku ile."

Bosi ameamua: mstari wa Rula, njia yangu ya kutorokea, skrini moja. Rula akanipa mkono, akakiri kwamba hilo yeye asingeliwaza. Nikamwambia ni kipaji.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari kwa utulivu. Kama nimeshinda bila rangi, bila utepe, bila sauti, je, ningekuwa navyo? Tuyaache hayo. Nimepewa kazi mpya: kumsaidia rubani kupanga njia ya kutua. Kapteni hataki kuambiwa. Sawa. Macho yana kazi, masikio yamegoma. Pua! Marubani wote wana pua, na hakuna aliyewahi kuzitumia. Mvua: udongo uliolowa. Uwanja: mpira wa tairi. Kwa mlima nimejaribu leo vitunguu vilivyoungua, jikoni, mlango umefungwa ili nipime vizuri.

Mke wangu yuko nje ngazini pamoja na majirani wa juu na wa chini, wote wamejiziba pua kwa kanga na mashati. Hakuna hata mmoja aliyebaki ndani. Wameukwepa mlima kwa mara ya kwanza tu, bila mafunzo.