Dhahabu ya Simu Zilizokufa

Jumatatu, 3 Juni 2024

Leo nimeagana na umaskini. Wenyewe bado haujui.

Mwila ni fundi simu mwenzangu hapa kwenye soko la mtaa wa Kenya, meza yake inagusa yangu. Tangu juzi anavaa miwani myeusi na hanisalimii tena. Nikamuuliza Bijou, muuza mkate, kuna nini. Akaninong'oneza: Mwila anatoa dhahabu ndani ya simu mbovu.

Dhahabu! Na mimi nina gunia zima la simu mbovu chini ya kitanda! Kila wiki mke wangu Estelle anauliza zile simu zinangoja nini. Kumbe zilikuwa zinangoja leo.

Nimetafuta video. Muhindi mmoja anaeleza. Sielewi hata neno, lakini mikono yake naielewa vizuri sana. Unachuna vipande vya manjano, unavitia ndani ya asidi, asidi inakula takataka, dhahabu inabaki. Rahisi kabisa.

Jumanne, 4 Juni

Sikwenda sokoni. Nimechuna simu uani, kutwa. Vidole vyote vina majeraha.

Mama Mujinga, mama mkwe wangu, alikuja kutoka Mbuji-Mayi wakati wa Pasaka kutusalimia. Bado anatusalimia. Alisimama nyuma yangu akauliza kama hii ndiyo kazi niliyowatajia siku ya mahari. Nikamwambia kwa heshima kwamba hii ni chimie, yaani kemia. Akasema kwao chimie inafanywa na watu waliovaa viatu.

Nitamnunulia tikiti ya ndege ya kurudi kwao. Kiti cha mbele, hata.

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda Naviundu kununua asidi. Muuzaji akauliza ni ya nini. Nikasema betri ya gari. Gari gani? Toyota. Toyota gani? Nikasema nyekundu.

Akanitazama sana. Kisha akaniasa: nisiitie ndani ya chombo cha chuma, nisiifungue karibu na nyumba, na watu wawe mbali. Nikamshukuru. Ila ni muuzaji tu. Hajaona video.

Nilipanda pikipiki. Kwenye kona ya kwanza motari aliyeniendesha akaona bidoni ya asidi inatoa moshi kifunikoni, akaniteremsha. Nimetembea kwa miguu mpaka nyumbani Hewa Bora, bidoni kichwani, nikiimba ili watu wasishuku.

Alhamisi, 6 Juni

Mungu ni mwema.

Estelle alienda sokoni na ndoo ya plastiki. Nikabaki na sufuria ya aluminiamu, ile anayopikia bukari, ugali wetu. Nikajiambia: itakuwa ni kwa dakika chache. Nikaiweka nyuma ya nyumba, nikatia vipande, nikamimina.

Kwanza ikanong'ona. Halafu ikapiga kelele. Povu! Moshi wa rangi ya kutu! Sufuria ikapoteza kitako mbele ya macho yangu, na asidi ikaanza kula sementi. Nikakimbilia barabarani. Nilipogeuka nikaona moshi wote unaingia dirisha moja tu. La chumba cha Mama Mujinga. Ambaye kila siku, baada ya kula, analala humo.

Nikarudi mbio. Nikajifunga shati puani, nikaingia. Sikuona kitu. Nikapapasa kitanda, nikapapasa sakafu, nikamkumbatia mtu: ni gunia la mihogo. Nikatoka nje nikiita, "Mama! Mama yangu!" Kohozi na machozi pamoja. Sikuwahi kumwita hivyo.

Kichwa kikatokea juu ya ukuta wa jirani. Nusu kimesukwa, nusu kimesimama wima.

"Mukwe, unalilia nani?"

"Nilizani uko ndani!"

"Miye? Niko huku, bananisuka nywele. Ndani iko nini?"

Nilikaa chini palepale. Nilicheka mpaka nikakohoa, nikakohoa mpaka nikalia tena. Mama Mujinga akazunguka ukuta akaja, akanipiga kofi, halafu akanikumbatia. Sijui kwa nini nilianza kumwombea maisha marefu kwa sauti.

Ijumaa, 7 Juni

Kikwembe cha Estelle, kitenge chake cha kwaya, kilikuwa kwenye kamba nyuma ya nyumba, asidi ikakirukia. Leo kina matundu kama chujio. Alikishika juu, akanitazama kupitia tundu moja. Ni hapo nilipoogopa.

Aliyeniokoa ni Mama Mujinga. Alimwambia binti yake: huyu mwanaume hana akili, lakini aliingia ndani ya moshi kwa ajili yangu. Baba yako angeita majirani. Estelle akaweka chai mbele yangu. Haina sukari, lakini ni chai.

Nilikuwa nimekwangua kitope kidogo chenye kung'aa. Nikampelekea Chileshe, sonara. Akakisugua, akakidondoshea dawa yake, akanipa mkono. Félicitations, hongera, akasema. Katika mji huu mzima wa migodi ya shaba, eti nimefaulu kupata shaba.

Nikamwambia Mwila amefaulu kupata dhahabu. Chileshe akacheka hadi akashika meza. Mwila naye alimletea kitope kama hiki. Miwani myeusi anavaa kwa sababu moshi ulimchoma macho.

Nimerudi nyumbani mwepesi kama mtu aliyepona malaria. Si tajiri, lakini hata Mwila si tajiri!

Jumamosi, 8 Juni

Kikohozi hakiishi, kwa hiyo Estelle amenishika mkono mpaka hospitalini. Wamenipiga picha ya kifua. Tumengoja kwenye benchi, Estelle hakuachia mkono wangu. Daktari akainua picha kwenye mwanga. Akasema mapafu ni mazima, koo tu limechubuka, ninywe maji mengi na nisiguse tena asidi. Estelle akafunga macho akamshukuru Mungu. Mimi pia. Niliapa pale pale, mkono juu: sitagusa simu mbovu tena maishani.

Wakati wa kutoka, infirmier, muuguzi mmoja, alinikabidhi ile picha. Akaniambia niitunze vizuri, ndani ya picha kama hizi mna fedha. Nikadhani ni mzaha. Akasema hapana, fedha kweli, ile ya kutengenezea pete.

Fedha! Ninaibeba mkononi!

Jumatatu nitarudi hospitalini. Nitasema kifua kinaniuma upande wa kushoto, wanipige picha nyingine. Alhamisi, wa kulia.