Kilometa Mia Nane za Kutofika Shabunda

Bukavu, zone ya Kadutu
Tarehe 14 Machi 1983

Citoyen Mkurugenzi wa Ndege,

Nakusalimu kwa heshima yote inayostahili cheo chako, na nyingine kidogo ya akiba, kwani nahofia itapungua kadiri barua inavyoendelea.

Mimi ni Bulonza, mwalimu wa jiografia wa darasa la sita kwa miaka ishirini na sita. Zamani niliitwa Cyprien, kabla Serikali haijatuvua majina ya ubatizo na kutuita sote citoyen, yaani raia. Nyumbani bado naitwa hivyo, lakini hii ni barua ya ofisi.

Mwezi uliopita redio ya misioni iliniletea maneno machache kutoka Shabunda: kaka yangu mkubwa Floribert, anayechimba dhahabu huko, anaumwa tumbo vibaya na anataka kuniona. Tulikuwa hatujasemeshana miaka tisa. Nilikata tikiti ya ndege yenu siku ileile. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kungoja. Nilifika uwanja wa Kavumu Jumatatu asubuhi. Mtumishi wenu Philémon, mwenye kalamu tatu mfukoni na karatasi hata moja hana, aliniambia, "Papa, ndege iko njiani." Jumanne ilikuwa njiani. Jumatano ilikuwa njiani. Alhamisi nilimuuliza ni njia gani hiyo, maana angani sijawahi kusikia kuna kona. Akajibu, "Hiyo, papa, ni piloti peke yake anajua." Ndege ikatua jioni, na Ijumaa asubuhi tukaruka.

2. Umbali. Ukutani mwa ofisi yenu mmebandika karatasi: Kavumu–Shabunda, kilometa 170, dakika 45. Nimepima kwa uzi na rula kwenye ramani ya darasa langu; hesabu yenu ni sahihi, hongera. Kosa lenu ni kumficha piloti karatasi hiyo. Baada ya dakika arobaini na tano niliona mto Ulindi, kisha mabati ya parokia ya Shabunda, kisha watu wadogo kama siafu wakitupungia mikono. Piloti Gérard aliwapita juu kama bwana harusi anayempita mchumba wake wa zamani. Nilimgonga begani. "Kiwanja iko na matope, papa," alisema bila kugeuka. Maman Georgette, muuza samaki wa chumvi aliyeketi nyuma yangu, akachungulia dirishani. "Matope gani? Si wanaanika muhogo mu kiwanja!" Citoyen Mkurugenzi, mimi si rubani, lakini nimekula bugali wa muhogo maisha yangu yote. Muhogo hauanikwi matopeni.

3. Kindu. Huko ndiko ndege yenu ilikoona vema kushuka, kilometa 330 kutoka Kavumu, yaani karibu mara mbili ya safari niliyoomba. Abiria wote walishuka kama kondoo. Mimi sikushuka. Tikiti yangu imeandikwa Shabunda, na mtu aliyesoma hashuki mahali ambapo tikiti yake haipajui. Wakala wenu alinibembeleza: "Papa, shuka basi, Kindu na Shabunda ni jirani." Maman Georgette naye, kapu la samaki kichwani, alinisihi: "Papa Bulonza, tushuke, tutatafuta namna." Nikawajibu kwamba nitashuka Shabunda au nitazeeka humo. Basi wakaanza kupakia magunia ya mchele, kulia kwangu, kushoto kwangu, na mwisho moja juu ya magoti yangu. Wakanipeleka Goma pamoja na mchele, na kutoka Goma wakanirudisha Kavumu. Jumla ni kilometa 805 kwa uzi uleule. Mchele ulishushwa ulikoandikiwa. Mimi tu ndiye niliyekosewa.

4. Jambo hili si la uzi na rula. Mwaka wa 1974 mama yetu alifariki huko Katana. Floribert hakuja kumzika. Alituma habari kwamba alikaa siku sita kiwanjani Shabunda na ndege ikawa inapita juu bila kushuka. Ndege hiyo ilikuwa yenu. Mbele ya ukoo wote, udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi, nilisema: "Floribert ni mwongo. Ndege haiwezi kuruka mji mzima." Maneno hayo yalimfikia, maneno hayahitaji tikiti. Hakuniandikia tena. Sasa nimepita juu ya Shabunda mwenyewe, na nimeelewa kwamba wale watu wa chini hawakuwa wakitusalimu. Walikuwa wakituita. Kwa hiyo nawadai kaka niliyemkosa miaka tisa.

5. Kwa sababu hizo naomba yafuatayo. Piloti Gérard aje akae darasani kwangu, dawati la mbele, siku tutakapojifunza kwamba mstari ulionyooka ndiyo njia fupi kati ya nukta mbili. Kompani imwandikie Floribert, kwa muhuri, kwamba mwaka wa 1974 alisema kweli. Kama kuifuata ramani kunawashinda, basi muiombe Serikali iihamishe Shabunda iwekwe pale ndege yenu inapopenda kushuka. Na kamwe, nasema kamwe, ndege yenye Bulonza ndani isiguse tena ardhi ya Kindu.

Wasalimie watu wa ofisi yako, Philémon na kalamu zake, na wote ambao bado wanangoja Kavumu. Waambie nimewahi kuruka na si lazima wanionee wivu. Nasaini kwa wino mweusi, kama adabu inavyotaka,

Bulonza, mwalimu

N.B. Bahasha ilikuwa bado wazi Maman Georgette alipobisha hodi, ameshuka sasa hivi kutoka ndege yenu. Anasema kule Kindu aliuza samaki kwenye mlango wa hospitali, na humo ndani alimkuta Floribert. Jumanne ile niliyokuwa nangoja, ndege yenu ilimpakia Shabunda ili imlete Bukavu, ikapotea kama kawaida yake, ikamshusha Kindu. Daktari akampasua siku hiyohiyo. Angebaki ndani ya ndege mpaka ilipotua Kavumu Alhamisi, anasema daktari, angefika maiti. Maman Georgette alimsimulia habari ya mzee aliyekataa kushuka. Floribert alicheka mpaka akashika mshono. "Huyo ni Cyprien," akasema. "Mwambie mudogo yangu namungoja."

Citoyen Mkurugenzi, naomba kiti kwenye ndege ya Alhamisi. Tafadhali mwambie piloti Gérard apotee kama alivyopotea, asibadilishe hata kidogo, na akiona kiwanja cha Shabunda kimekauka, aseme kina matope. Nitashuka.