Hukumu ya Datsun

Habari ilifika kijiweni kabla kahawa haijachemka. Aliyeileta alikuwa Kifungu, ametoka mahakamani mbio, kofia mkononi, jasho mpaka kwenye nyusi.

"Kaachiwa!" akasema, hata salamu hakutoa.

"Kaachiwa nani?"

"Joji wa Mizani! Hakimu kasema yule ni mtoto!"

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Ilikuwa mwaka tisini na sita, kwenye kibaraza cha duka la Taherali, Ushirombo, mahali palipoitwa Rufaa, kwa sababu hakuna hukumu iliyopita pale bila kukatiwa rufaa, iwe ya penati, ya ndoa za watu au ya bei ya pamba. Jina halisi la Kifungu lilikuwa Jilala. Aliwahi kufagia mahakamani miaka miwili, akatoka na vifungu vya sheria kichwani, vingi vikiwa vya kwake mwenyewe.

Serafina hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa na birika, na walimwita Spika, maana sheria ya kijiwe ilikuwa moja tu: asiye na kikombe mkononi haongei. Pembeni yake palikuwa na ndoo iliyogeuzwa chini juu. Pale ndipo alipokuwa akikaa Paskalia na beseni lake la vitumbua, mpaka ile asubuhi pikapu ya Mizani, mnunuzi wa dhahabu, ilipoacha barabara ikamfuata huko huko pembeni ikamuua, Joji kwenye usukani, mkono mmoja nje ya dirisha akiwapungia wasichana. Tangu siku hiyo hakuna aliyeikalia ile ndoo. Hata Ovateki, dereva mstaafu wa mabasi mwenye mgongo mbovu, alikuwa anasimama.

"Chukua kikombe, Kifungu," Serafina akasema. "Sema vizuri. Kasema nini huyo hakimu?"

Kifungu akapuliza kahawa, akanywa, akakohoa kwa ajili ya heshima. "Kasema mtuhumiwa ana miaka kumi na sita. Kasema gerezani ataharibika. Arudi nyumbani, alelewe na baba yake, na asiguse usukani mpaka afikishe kumi na minane. Basi. Tumesimama, tumekaa, tumetoka."

"Alelewe!" Ovateki akapiga paja. "Na nani? Mizani? Si ndiye aliyempa funguo!"

"Subirini," akasema Karasha. Huyu ni Herman, mchimbaji, mwenye vumbi la mawe mpaka ndani ya masikio. "Subirini kwanza, gete. Mtoto yupi? Joji huyu mwenye duara la dhahabu kule Mwakitolyo?"

"Huyo huyo."

"Mimi nimechimba kwenye shimo lake! Nina miaka arobaini na miwili, namwita bosi. Siku ya kwanza ulimi uliteleza nikamwamkia shikamoo. Mnajua alijibu nini?"

"Hapana!"

"Marahaba! Tena hajainua macho!"

Ovateki alicheka mpaka mgongo ukamshika, akawa anacheka na kulia maumivu kwa pamoja. Kifungu akaomba kikombe cha pili ili aendelee kuwa na haki ya kusema.

"Hamjasikia la mavazi. Kaja mahakamani na kaptula ya shule."

"Shule ipi? Joji si aliacha darasa la sita?"

"Ndiyo nawaambia! Kaptula imembana, anakaa kwa awamu. Kwanza upande huu, anapumzika, halafu upande wa pili. Na mama yake kamfuta kamasi mbele ya hakimu. Kamasi zenyewe hana, lakini kafutwa!"

Hapo Taherali akatoa kichwa nje ya duka, futi ya kupimia kitambaa ikining'inia shingoni. Alizaliwa hapo hapo Ushirombo, na alijua kutukana Kisukuma kuliko Wasukuma wenyewe. Jina lake la kijiweni lilikuwa Mita.

"Kaptula hiyo imetoka kwangu," akasema.

"Mita, huna kikombe."

"Nipe kikombe, Spika. Wabeja sana. Mama yake alikuja jana. Nikamtolea saizi ya Joji, akasema hapana, nataka inayombana. Nikamwambia, mayu, hii ni ya darasa la tatu. Akasema, ndiyo hiyo hiyo, funga."

"Kumbe na wewe umeshiriki!" Kifungu akamnyooshea kidole. "Kifungu cha kumi na tisa, kumvalisha mtu mzima utoto!"

"Mimi nauza nguo, siuzi umri."

Wakacheka tena. Serafina akawa anawatazama watu wake hawa, anawapenda na wanamchosha. Walikuwa wanachekea jambo ambalo yeye hakuweza kulichekea tangu mazishi. Hakumchukia hakimu. Kufungwa kwa Joji kusingekaanga kitumbua hata kimoja. Kilichomuuma ni kingine, na siku hiyo akaona akiseme.

"Mizani hakuja msibani," akasema.

Kifungu akashusha kidole.

"Hakuja yeye, hakuja mkewe, hakuja huyo mtoto wao. Nyumba ya msiba iko pale juu ya kilima, mnaiona. Mama yake Paskalia mpaka leo anaweka mkeka nje. Anasema watakuja tu. Mimi sitaki Joji afungwe. Nataka apande kile kilima, amshike yule bibi mkono, aseme pole. Basi. Hata asipolia."

"Wakili kawakataza," Kifungu akasema polepole. "Eti ukienda msibani umekiri kosa."

"Wakili huyo kwao hawafi?" Karasha akauliza.

Kwa Wasukuma kutoonekana msibani ni neno zito, na hata Mita, ambaye alifunga duka siku nzima kwa ajili ya Paskalia, aliinamisha kichwa. Lakini Rufaa hawakuwa watu wa kukaa na huzuni muda mrefu, wangekufa wao.

"Tuhukumu upya," Ovateki akasema. "Mtoto hana hatia, sawa. Mama wa vitumbua hakujigonga mwenyewe. Sasa nani kaua?"

"Amebaki nani?" Kifungu akakuna kidevu. "Limebaki gari."

"Ehee! Gari lina umri gani?"

Wote wakamgeukia Mita, kwa maana Datsun ile ni yeye aliyemuuzia Mizani.

"Ya mwaka sabini na moja," Mita akasema. "Mimi naijua tangu mpya."

"Miaka ishirini na mitano!" Karasha akaruka. "Mtu mzima huyo! Angekuwa ng'ombe angeshakuwa bibi! Hana kaptula, hana kamasi!"

"Mshtakiwa Datsun, simama!" Kifungu akavaa kofia ili aweze kuivua tena kwa heshima. "Baraza la Rufaa linakuhukumu kutengwa, kama Sungusungu wanavyomtenga mwizi. Hakuna mtu kukupa maji ya rejeta. Hakuna kukupulizia tairi. Hakuna kukusalimia njiani. Na hakuna kukusukuma!"

Hapo kijiwe kikapiga makofi, maana hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa adhabu hasa. Stata ya Datsun ilikufa zamani, na Mizani, pamoja na dhahabu yote aliyoipitisha kwenye mizani yake, hakuwahi kuinunulia nyingine. Ya nini, wakati Ushirombo imejaa watu? Kila asubuhi alisukumwa na wapita njia, na kila alikokwenda aliiacha inanguruma. Wanaume wa Rufaa walikuwa wameisukuma mara nyingi kuliko alivyoiendesha, malipo yao sigara moja moja.

Hawajamaliza makofi, ikatokea. Datsun ya bluu, taa moja, moshi nyuma. Ikasimama mbele ya duka, pua imeelekea juu, kwenye kilima. Mizani akashuka na kicheko kipana, kofia yake nyeusi imekaa upande.

"Jamani, Mungu mkubwa! Mita, nipimie mchele gunia zima. Kesho tunashukuru, nachinja, wote mnakaribishwa!" Akaingia ndani, injini akaiacha inanguruma kama kawaida.

Karasha alimeza mate. Ovateki naye akatazama pembeni, na Serafina akaona waziwazi kwamba hukumu ya Datsun ilikuwa inaanza kunukia pilau. Akawajua. Wangekula, halafu kesho kutwa wangekuja kumcheka Joji na nyama bado imewabana menoni. Hasira ikampanda mpaka masikio yakawa ya moto.

Akaweka birika chini. Akajifunga khanga, akaiendea Datsun, akapitisha mkono dirishani, akazungusha ufunguo.

Datsun ikakohoa mara moja, ikakata roho.

Hapo ndipo alipomwona Joji. Alikuwa amekaa kiti cha pembeni, kwenye ile kaptula, magoti yamegusa dashibodi. Alikuwa ameona kila kitu. Serafina akangoja apige kelele amwite baba yake. Joji alishusha macho tu, akamwambia kwa sauti ndogo, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," Serafina akajibu, kwa mazoea.

Mizani akatoka na gunia begani. Akalitupa nyuma, akapanda, ndipo akagundua ukimya.

"Imezima. Haya wanaume, twendeni! Irudisheni nyuma, nigeuke, nishuke nayo nyumbani."

Hakuna aliyeinuka. Karasha alikuwa anachungulia ndani ya kikombe chake kitupu utadhani kuna mtu humo.

"Vipi? Leo mmekunywa nini?"

"Mzee Mizani," Kifungu akasema, akivua kofia, "gari lako limetengwa. Ni mtu mzima."

"Limefanya nini?"

"Tutalisukuma," Serafina akasema. "Lakini kule lilikoelekea. Juu."

Mizani akatazama kilima. Kule juu, mbele ya nyumba ya mama yake Paskalia, mkeka ulionekana. Kicheko kikamtoka usoni.

"Wakili wangu amesema..."

"Wakili aje asukume!"

Kijiwe kikalipuka. Hata Mita alikuwa ameshika mlango asianguke. Mizani akaanza kufoka, kwamba ataleta gari jingine, kwamba atawanyima nyama, kwamba watamjua yeye ni nani. Akiwa bado anafoka, mlango wa pili ukafunguka. Joji akashuka, akazunguka nyuma, akaweka mikono kwenye bodi, akaanza kusukuma. Peke yake. Kuelekea juu.

Gari halikusogea. Miguu yake iliteleza kwenye changarawe, kaptula ikatatuka mshono wa nyuma kwa mlio uliosikika mpaka dukani. Siku nyingine Rufaa wangecheka wiki nzima. Serafina akamtazama shingo yake nyembamba na masikio yaliyotokeza, akaona kwamba hakimu hakusema uongo. Alikuwa mtoto. Jambo hilo lilimuudhi kuliko kaptula yenyewe, na lilimtia huruma ambayo hakuiomba. Kidole chake kikaanza kufuta machozi kabla hajakubali kwamba analia.

"Mwakitolyo ningekuwa nimekufukuza kazi, bosi," Karasha akanung'unika. Akainuka, akaweka bega pembeni ya Joji. "Pinda magoti. Namna hiyo."

Ovateki akaja na mgongo wake mbovu. Kifungu akaja, Mita akaja na futi yake shingoni. Serafina akaweka mikono katikati yao, na Datsun ikaanza kupanda. Wakaimba wimbo wa kulimia, mmoja anaanzisha, wengine wanaitika, wanawake wa sokoni wakaacha nyanya zao wakaja kuongeza mikono. Mizani alikuwa juu ya usukani, hana la kufanya ila kunyoosha tairi.

Karibu na nusu ya kilima, gia ikashika. Injini ikanguruma, moshi ukawafunika wote, Datsun ikajivuta mbele yenyewe. Mizani alishaanza kukata kona ageuke arudi chini.

"Baba!" Joji akakimbia mpaka dirishani. "Zima, baba."

"Nini?"

"Zima."

Mizani alimtazama mwanawe, akawatazama waliosimama kwenye moshi, mikono imejaa kutu. Akazima. Akavuta breki ya mkono. Kisha mwenyewe akashuka, akavua kofia, akaiweka ndani juu ya kiti, akaja nyuma akatafuta nafasi kati ya Kifungu na mwanawe.

"Sawa," Ovateki akasema, anahema. "Sasa usukani nani ameshika?"

Wakatazamana. Joji amekatazwa na hakimu. Ovateki akiinama kwenye kiti kile hatainuka tena. Serafina akajipangusa mikono kwenye khanga, akazunguka, akapanda, akasukuma kofia ya Mizani pembeni. Maisha yake yote hakuwahi kushika usukani, na aliushika kwa mikono miwili kama beseni la vitumbua.

"Spika!" Kifungu akapiga kelele. "Una leseni wewe?"

Serafina akatoa kichwa dirishani.

"Sina," akasema. "Mimi ni mtoto. Sukumeni!"