Mama Barber na Kichwa Changu

Jumatano, 18 Agosti 2021
Mtaa wetu wa Merrylands, hapa Australia, bado lockdown. Vinyozi wote wamefunga. Na Jumapili baba yake mpenzi wangu Emerance ataniona kwa mara ya kwanza, kwa Zoom! Nywele zangu ni kichaka. Binamu yangu Murhula amejitolea kuninyoa kwa mashine yake. Sitaki. Naye anamtazama sana Emerance. Hanishiki kichwa!

Mchana mleta vifurushi amemwita jirani yetu, bibi wa kizungu anayeishi peke yake: "Mrs Barber!" Nikashtuka. Barber si kinyozi? Kumbe miezi yote hii!

Alhamisi, 19 Agosti
Nimewaza sana majina ya Waingereza. Baker, lazima babu yake alioka mikate. Bosi wetu kule ghalani Wetherill Park anaitwa Long, yaani Mrefu, na kweli mlangoni anapita ameinama. Hawa watu hawafichi kitu.

Nimemwomba Mama Barber tukiwa kwenye fensi. Akasema hajawahi kunyoa mtu. Unyenyekevu wa mafundi! Nimembembeleza mpaka akacheka, akakubali.

Jumamosi, 21 Agosti
Mimi kitini upande wangu wa fensi, yeye upande wake, barakoa usoni. Amekuja na mkasi wa kukatia maua. Sawa, kila fundi na kifaa chake.

Alipomaliza alirudi nyuma hatua moja. Nikajipapasa. Hapa kichaka, pale ngozi. Akaniambia kwa huruma kuwa Barber ni jina la marehemu mumewe, dereva wa treni. Jina lake la kuzaliwa ni Bishop.

Askofu! Nikainamisha kichwa anibariki. Akadhani nataka arekebishe. Akakata tena.

Jumapili, 22 Agosti
Zoom. Baba yake Emerance akasogelea skrini. "Mwanangu, hayo ni mapunye?" Akauliza kama yanaambukiza. Emerance akazima kamera, akasahau kuzima sauti. Kicheko! Nimekwisha.

Jioni nimemwachia Murhula kichwa. Ameninyoa upara taratibu, hakucheka hata kidogo. Bado namshuku.

Jumatatu, 23 Agosti
Emerance amepiga simu! Baba yake hajacheka hivyo tangu wafike Australia. Amesema nilete posa.

Sasa pete. Maduka yamefungwa. Lakini leo kwenye nyumba ya kona amehamia mzee mmoja. Amenipungia mkono, akajitambulisha: Goldsmith.

Sonara! Sambusa za kumpelekea ziko jikoni tayari.