Namna Haruni Alivyoyagawa Makabila Sita ya Konokono wa Mawe

Njooni mketi, enyi mliochoshwa na habari za majemadari. Sogezeni majamvi, tulizeni vinu, na mwenye kikohozi akakohoe nje kisha arudi. Wengine wamekwisha kuwasimulia vita vya Maji Maji kwa mizinga na bendera, nani alivuka mto gani na nani alitia saini waraka gani. Mimi nawaletea vita vilivyopiganwa kwenye baraza moja ya Kibiti, mwaka ule wa elfu moja mia tisa na tano, baina ya mtu mmoja na konokono arobaini na mmoja waliokwisha kufa. Katika vita vyote vya mwaka ule, mimi sijui vingine vilivyomalizika bila mtu kuzikwa.

Alikuwako Kibiti Mdachi mmoja, Daktari Krumbein, simba wa vijiwe, sultani wa masanduku, aliyezunguka vilima vya Umatumbi miezi miwili akikusanya mawe yenye umbo la konokono. Hakuwa daktari wa kutibu mtu. Akiletewa mtoto mwenye homa, alimtazama kwa adabu, kisha akamwuliza mama yake kama kwao kuna mawe. Vita vilipowaka na nchi nzima ikashika silaha, yeye alishika brashi. Na alipokuwa akiukimbia moto huo, akivuka Rufiji kwa mtumbwi, kiboko aliinuka akautikisa mtumbwi, na miwani ya bingwa huyo ikatumbukia mtoni, ikabaki huko kuwasaidia kambare. Akafika Kibiti na mawe yake yote, ila hawezi kulitofautisha jiwe na andazi.

Mbele ya baraza hiyo, juani, walikaa watu sita waliofungwa kamba moja shingoni. Walikuwa wakulima wa Kimatumbi, wamekamatwa Nyamwage walipoteremka kutafuta chumvi. Askari wakasema hawakutafuta chumvi bali wamekunywa maji ya uasi. Kapteni wa Kidachi angekuja Ijumaa kuwahukumu, na kila mtu alijua kuwa kapteni huyo ana hukumu moja na mti mmoja. Katika hao sita alikuwamo Haruni bin Mshamu, mchimba sandarusi, ule utomvu wa miti uliogeuka jiwe ardhini, jabari la jembe na sururu. Mwishoni mwa kamba alikuwapo Nassibu, mume wa dada yake, aliyemdharau tangu siku ya harusi na hakuwahi kupumzika siku moja.

Jumatano asubuhi Daktari alitoka, akasimama mbele ya wafungwa, akakohoa, akanena kwa Kiswahili alichofundishwa Bagamoyo.

"Enyi watu wa vilima, ni nani kati yenu ayajuaye mawe kwa sura zao?"

"Mimi nazijua sandarusi, bwana mkubwa," akajibu Haruni. "Miaka ishirini nazitenga zilizokomaa na zile changa. Huilowesha kila moja, nikaisoma ngozi yake."

"Anayalambalamba tu," akasema Nassibu. "Mtu mzima na ndevu zake."

Daktari akaamuru Haruni afunguliwe. Akamketisha mbele ya masanduku, akamhutubia kama mtu anayekabidhi jeshi. "Sikiliza, ewe Mmatumbi. Katika zama ambazo mwanadamu hajaumbwa, alitawala baharini mnyama mwenye nyumba ya vyumba vingi. Kila alipokua alijenga kiambaza nyuma yake, akahamia mbele, na mrija mmoja ukapita katika viambaza vyote. Ukiuona mrija katikati, na mishono ya viambaza imepinda taratibu, huyo ni Nautilo, naye ni wangu. Ukiuona ukingoni, upande wa nje, na mishono imekunjamana, huyo ni wa mwenzangu wa Berlin, na mwenzangu huyo ni mjinga. Mtupe."

Kisha akaongeza lile neno ambalo kwa ajili yake kisa hiki kimesimuliwa. "Kila kabila la Nautilo litapata sanduku lake, maana si heshima kulichanganya na jingine. Na kila sanduku litapata mchukuzi wake kutoka katika kamba ile, na barua yangu ya kupita salama kwenda na kurudi. Kapteni ameniridhia. Kesho tunashuka Salale, boti inangoja."

"Makabila yenyewe mangapi, bwana mkubwa?"

"Nadhani mawili, labda matatu. Wewe ndiwe macho yangu."

Haruni aligeuka akaitazama kamba. Makabila mawili ni shingo mbili. Matatu ni shingo tatu. Hapo ndipo vita vilipoanza.

Alitia vidole katika bakuli la maji, akainyunyizia safu ya kwanza ya adui. Kumbe askari Muhidini, mlinzi wa baraza, ngao ya serikali, alikuwa akimtazama. Naye alipomwona Mmatumbi ananyunyiza maji huku midomo inachezacheza, aliinua bunduki. Mwaka ule mtu aliweza kuuawa kwa maji machache kuliko hayo.

"Anatia dawa huyu," akasema Muhidini.

"Bwana askari, nahesabu tu," akasema Haruni polepole. "Jiwe kavu halionyeshi mshono. Njoo ulishike mwenyewe, ulitemee mate."

Muhidini akalishika, akalitemea mate, akaona mstari mwembamba unajitokeza umepinda vizuri. Akaitegemeza bunduki ukutani, akachuchumaa, na kabla ya saa kupita akawa mwanachuoni mwenye maoni yake. "Hilo na lile ni ndugu," akawa akisema. "Angalia matumbo yao." Ndivyo wanachuoni wanavyopatikana, ndugu zangu, na wengi wao hawakupata zaidi ya mate.

Haruni aliwatupa kumi na tisa wenye mishono iliyokunjamana, kuku wakawachambua wakawaacha. Kwa waliobaki aliingia kama anayeingia msituni na panga. Aliwatenga wanene na wembamba, akapata makabila mawili. Katika wembamba akawatenga wenye kitovu wazi na wenye kitovu kilichozibwa, yakawa matatu. Akapapasa mbavu, akawaweka kando wenye matuta mgongoni, yakawa manne. Kila alipotangaza kabila jipya, Daktari alirukaruka barazani, akagonga kichwa kwenye nguzo, akaandika majina marefu kuliko wanyama wenyewe. Hajazaliwa msomi anayekasirika akiongezewa majina ya kutunga.

Kabila la tano Haruni alilipata kwa kuwachukua watatu katika wanene na kusema mrija wao umeshuka kidogo upande wa tumbo. Msiseme alidanganya. Ulikuwa umeshuka, kama vile pua ya kila mtu ilivyokwenda upande kidogo.

Mawe yakaisha.

"Shemeji," akaita Nassibu kutoka mwisho wa kamba, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote. "Umefika mangapi?"

"Matano."

"Na sisi tu sita."

"Kuhesabu najua, shemeji."

Haruni alimchukia mtu yule, tusifichane. Lakini alimfikiria dada yake Mwanaamina anavyoletewa habari mlangoni, akaona chuki ile haitoshi. Akapekua masanduku matupu, akachungulia chini ya meza, hamna kitu. Ndipo upepo ukamletea harufu ya wali wa nazi.

Uani alikuwako Biasha, mpishi wa Daktari, Mndengereko wa Salale, malkia wa mwiko. Sufuria yake ilikaa juu ya mafiga matatu, na figa la tatu, jeusi kwa masizi, lilikuwa la mviringo, limejikunja kama nyoka aliyelala. Alilichukua sandukuni mwenyewe juzi kwa sababu lilikaa vizuri. Daktari hakuliona, maana hakuona chochote.

"Dada Biasha," akasema Haruni, "nakuomba hilo figa."

"Halitoki mpaka wali uive."

"Chini ya sufuria yako pana shingo ya mtu."

"Ya nani?"

"Ya shemeji yangu."

"Yule anayepiga domo tangu asubuhi?"

"Huyo huyo."

"Basi ngoja wali ukauke."

Wakatazamana kama majeshi mawili yaliyotenganishwa na mto. Na hapo Nassibu, shujaa wa matusi, akatumia silaha ambayo hajapata kuishika maishani mwake. "Dada Biasha," akasema kwa unyenyekevu, "wali wako unanukia mpaka huku. Nilikuwa nimesahau kama mtu hula."

Biasha akageuka. Uso ukamlegea. "Kumbe anajua kusema na watu," akasema, akaitua sufuria chini.

Kwa haraka yake Haruni alisahau kuwa figa ni la moto. Alifanya kama alivyofanya miaka ishirini: akalimwagia maji. Jiwe likapasuka kwa mlio wa bunduki. Muhidini akalala kifudifudi, Daktari akaingia chini ya meza, na wafungwa watano waliobaki kambani, ambao kwa sifa yao walisemwa hawaogopi risasi, wakaangukiana. Moshi ulipotulia, jiwe lilikuwa vipande viwili, na ndani yake vyumba vimejipanga kimoja baada ya kimoja, na mrija umepita katikati kabisa. Daktari alitambaa akatoka, akaingiza ubua wa mtama katika mrija, akausikia unapita. Machozi yakamtoka, yeye ambaye hakutoa hata moja kwa vijiji vilivyokuwa vikiungua ng'ambo ya mto.

"Limefanana na lolote katika hayo matano?"

Haruni alilitazama. Lilikuwa ndugu wa baba mmoja na wale wanene, ila limefukizwa. "Jeusi namna hii, bwana mkubwa, sijaliona."

Daktari akalipa jina lake mwenyewe.

Alhamisi alfajiri watu sita walitoka Kibiti na masanduku sita. Watano walitokwa jasho. Wa sita, Nassibu, alibeba vipande viwili vya figa vilivyoviringishwa katika pamba. Kamba ikatundikwa msumarini. Kapteni alipowasili Ijumaa aliukuta mti na kamba, akakosa shingo. Huko Salale boti ilichukua mawe pamoja na Daktari mwenyewe, na kitabu chake, nasikia, kinayataja makabila yote sita, ila Haruni hakimtaji hata kwa bahati mbaya.

Walipokuwa wakirudi, barua mkononi, Nassibu alijipapasa shingo. "Shemeji, niambie kweli. Yalikuwa makabila mangapi?"

"Mawili," akasema Haruni.

Nassibu akainua vidole sita, akakunja viwili, akavitazama vinne vilivyobaki, kisha akamfuata Haruni nyuma mpaka wakafika nyumbani kwa Mwanaamina.

Basi, enyi mnaoandika tarehe za vita na kuwasahau walioponyoka, chukueni kalamu. Tieni ushindi huu juu kabisa, mbele ya majemadari wote: kwamba Kibiti, mwaka ule wa moto, mbele ya mashahidi na kuku, makabila yalikuwa sita.