Grupu ya Wazazi wa Meli ya Aurelia

Habari iliyotufikia kituo cha majani ya chai pale Boito Jumanne hiyo haikuhusu bonasi wala mvua ya mawe. Ilihusu wazungu elfu arobaini ambao, bila hata kumjua, walikuwa wanataka kumfukuza Kapteni.

"Wamenipatia mpaka saa kumi na mbili jioni," Kapteni akasema, akitua gunia lake la majani kwenye foleni ya mizani. "Nisipojieleza vizuri, wananitoa kwa grupu."

Sisi hapa hungoja lori la kiwanda. Likiwahi tunashukuru, likichelewa tunakunywa chai ya Spika na kutawala dunia. Spika ni Bilhah, mwenye birika na mandazi, na cheo hicho alikipata kwa kunyamazisha wanaume watu wazima kwa mwiko. Mimi wananiita Katibu kwa sababu niliwahi kuandika kumbukumbu za mkutano mmoja wa josho la ng'ombe, na watu wa huku hawasahau. Kapteni kwa kitambulisho ni Kipkurui, na bahari hajawahi kuiona. Alipandishwa cheo siku binti yake Chelimo alipopata kazi ya kuhudumu kwenye meli za matajiri, zile za kampuni ya Aurelia, zinazozunguka Italia na Ugiriki.

Sasa, mtandao wa wafanyakazi huko melini ni wa kubahatisha, na Chelimo alikuwa amemaliza wiki ya saba bila kupiga simu. Kapteni akaingia Facebook, akaona kundi limeandikwa Aurelia, akaomba kuingia. Alifikiri ni grupu ya wazazi, kama ile ya shule ya msingi, ambapo mwalimu anatangaza tarehe ya kufungua na wazazi wanaandika amina. Mlangoni akaulizwa ni meli gani na deki ya ngapi. Akajibu ya binti yake, deki ya tisa. Kumbe grupu ni ya abiria, na deki ya tisa ndiko wanakolala matajiri wenyewe. Alipokelewa kwa maua.

"Soma mashtaka," Spika akaamuru.

Simu akapewa Data. Huyu ni Kiplimo wa bodaboda, baba wa watoto wawili, ambaye hajawahi kuishiwa na bando hata siku ameishiwa na petroli.

"Onyo ya kwanza ni ya taulo," Data akasema. "Kuna mathe mmoja huko aliuliza, eti ni poa mtu kuamka asubuhi mapema aweke taulo kwa kiti ya swimming pool, halafu arudi kulala, kiti imngojee?"

"Hiyo si ni gunia?" nikauliza.

"Ndio hiyo nimewaambia," Kapteni akasema. "Niliwaandikia, huku kwetu mtu analeta gunia mapema, anaweka kwa laini, anarudi nyumbani kukamua. Gunia inaheshimiwa. Lakini karani wa mizani akifika na wewe hauko, gunia inatupwa kando. Fanyeni hivyo na taulo."

"Na wakasema nini?"

"Nusu walisema huyu apewe meli aendeshe," Data akasema. "Nusu walisema anachochea. Wametusiana siku mbili. Admini Christabel akafunga mjadala, akampa Kapteni yellow card."

Spika akatikisa kichwa. Akasema hao watu wanahitaji karani, hawahitaji admini.

"Ya pili sasa?"

"Ya pili ni ya matanga," Data akasema, na akaanza kucheka peke yake.

"Usicheke," Kapteni akasema. "Mtu aliandika na machozi mingi. Machozi kumi na mbili, nilihesabu. Anasema hajawahi kuumia hivyo maishani. Nikajua amefiwa. Nikaandika, pole kwa familia, Mungu awatie nguvu, mazishi ni lini."

"Na alikuwa amefiwa na nani?"

"Shati," Data akasema. "Kwa meli yao kuna mtu wa kukutolea nguo kwa sanduku na kukupangia. Huyo wake alichanganya mashati ya jioni na ya mchana."

Tukavua kofia kwa heshima ya shati. Feri ndiye aliyeirudisha yake kwanza. Feri ni Obonyo, fundi wa boila kiwandani, na ndiye mtaalamu wetu wa mambo ya maji kwa sababu amezaliwa upande wa Mbita na amevuka ziwa kwa feri mara nyingi. Mara moja injini ilizima katikati, na tangu hapo hatumbishii.

"Hiyo haiwezi kutokea kwa Heron," akasema.

Heron ndiyo kampuni shindani. Tangu Kapteni aanze kutusomea habari za grupu, kijiwe kimegawanyika kama wakati wa ligi. Feri ni Heron damu. Data ni Aurelia. Hakuna aliyewahi kuona hata boya la kampuni yoyote.

"Heron iko na nini, Feri?"

"Heron iko na nidhamu. Maboti ya kuokoa watu imezidi yenu na nne. Mtu hawezi kuingia dining bila koti. Na vyumba zote zinaangalia maji."

"Aurelia iko na helikopta," Data akasema.

"Ya kwenda wapi na uko kwa meli? Ukitaka kuruka si ungepanda ndege, omera?"

"Buda, hiyo ni wivu. Aurelia wageni ni wachache, wafanyakazi ni wengi. Ukikohoa tu unaletewa leso. Heron mnapanga laini ya mayai."

"Laini ya mayai ilikuwa mwaka jana. Wamerekebisha."

"Wamerekebisha ukiwa wapi?"

"Nafuatilia."

Spika akagonga birika kwa mwiko. "Nyinyi wawili mlifika wapi mwisho? Kisumu. Mmoja hata alirudi na homa. Soma ya tatu."

Kosa la tatu lilikuwa zito. Mgeni mmoja alikuwa ameweka picha ya chai ya saa kumi, akauliza kwa upole kati ya Aurelia na Heron nani anapika chai nzuri. Kwenye picha kulikuwa na kikombe cha maji ya moto, na kando yake, kwenye kisahani, kifuko cha majani kimelala. Kwa sheria za grupu, kulinganisha kampuni ni ruhusa Alhamisi tu, na siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Lakini Kapteni amechuma majani miaka thelathini, na kuna mambo mkulima hawezi kupita akinyamaza.

"Niliandika ukweli," akasema. "Hiyo si chai. Hiyo ni maji imeonyeshwa majani."

Hapo hata mimi nilipiga paja. Data akaendelea kusoma. Wanachama wamechunguza, wameona kwamba huyu bwana wa deki ya tisa hajawahi kuweka picha yake, anasema vibaya kuhusu chai ya Aurelia, na anawagombanisha watu kuhusu viti. Uamuzi wao ni kwamba ametumwa na Heron. Admini Christabel anamtaka aeleze, kabla ya saa kumi na mbili, ni safari gani amesafiri na ni nani anamlipa.

"Mimi jasusi," Kapteni akasema. Akaangalia viatu vyake vya mpira, vyenye tope la shambani.

Tukaunda kamati papo hapo, maana hatujui njia nyingine ya kufanya kitu. Feri akapendekeza Kapteni adai amesafiri, yeye atamtilia maneno ya kitaalamu.

"Sema ulitoka Mbita," akasema. "Sema mawimbi ilikuwa mbaya lakini nahodha alijaribu. Wao watajua Mbita ni wapi?"

"Watagoogle," Data akasema. "Mi naona tufungue akaunti mpya. Tunaweka picha ya mzungu na mbwa. Mzungu mwenye mbwa hakuna mtu anamuuliza maswali."

Mimi nikasema tuandike barua rasmi ya msamaha, yenye kichwa cha habari na nafasi ya muhuri. Nilikuwa nimeshaitoa kalamu.

"Mnahangaika ya nini?" Feri akauliza. "Baba Chelimo, wakikutoa si unahamia Heron? Tuko na grupu nzuri sana."

Kapteni hakucheka. Alichukua simu kutoka kwa Data, akafungua mahali anapohifadhi picha, akatuwekea kwenye meza ya kukagulia majani.

"Angalieni," akasema.

Ilikuwa picha ya mzee na bibi yake wakikata keki. Tukasema keki ni nzuri.

"Wacha keki. Hapa nyuma." Akavuta picha kwa vidole viwili. Pembeni, nyuma ya bega la mzee, kulikuwa na mkono wa mtu umeshika sinia. "Hiyo ni ya Chelimo. Hiyo alama aliungua na maziwa akiwa darasa la tatu."

Akatuonyesha nyingine. Bibi amevaa kofia, na nyuma yake nusu ya uso, sikio na hereni. Nyingine, watu sita wanacheka, na kwenye kioo nyuma yao msichana ameinama. Alikuwa na picha kumi na moja. Hakuna hata moja iliyokuwa ya Chelimo.

"Mimi sitaki meli yao," Kapteni akasema. "Sijali Heron, sijali Aurelia. Kila asubuhi naingia kuona kama mtu amepiga picha na yeye akapita. Nikiona mkono, najua yuko mzima, naenda kuchuma. Wakinitoa nitamwona wapi?"

Feri akashika kofia yake, akaikunja. Data akajifanya kuangalia pikipiki. Mimi nikarudisha kalamu mfukoni.

"Andika hivyo," Spika akasema.

"Hivyo vipi?"

"Vile umesema. Usiongeze chumvi. Kiplimo, weka kwa Kizungu, na ukiweka mzungu na mbwa nitakumwagia hii chai."

Data akaandika taratibu, akitusomea. Mimi si msafiri. Mimi ni mkulima wa chai, Kenya. Binti yangu anaitwa Chelimo, anahudumu deki ya tisa. Niliingia hapa nikifikiri ni grupu ya wazazi. Nyinyi mnapopiga picha, mimi namtafuta nyuma yenu. Msamaha kwa usumbufu. Alitaka kutoa ile habari ya chai, lakini Kapteni akakataa, kwa hiyo ikabaki mwishoni kwamba kuhusu chai harudi nyuma.

Ikaenda. Lori likafika. Tukapima majani, karani akayageuza mezani akitafuta yaliyokomaa ya kukataa, hakuna aliyebishana naye, jambo lililomtia wasiwasi. Tuliporudi kwenye benchi, Data alikuwa amesimama na simu mkononi, akivuta skrini chini.

"Wamemtoa?" Spika akauliza.

"Hapana. Maoni ni mia saba."

Wazungu walikuwa wanalia, safari hii si kwa sababu ya shati. Kila mmoja alikuwa anapekua picha zake. Yule bibi wa kofia akaandika kwamba amekuwa mezani kwa Chelimo siku tisa na hakuwahi kumuuliza ametoka wapi. Waliotusiana kwa sababu ya taulo wakaombana radhi. Hata Admini Christabel akaandika kwamba sheria ya kuwa abiria imewekwa kando kwa leo. Halafu mtu aliyekuwa melini saa hiyo hiyo, karibu na Ugiriki, akapanda deki ya tisa na kumpiga Chelimo picha, yeye peke yake, wima, akitabasamu kwa mshangao.

Kapteni aliipokea simu kwa mikono miwili. Aliangalia muda mrefu. Tulingoja aseme kitu cha kukumbukwa, maana elfu arobaini walikuwa wanangoja pia.

"Amekonda," akasema.

"Sawa, lakini usiandike hiyo," Data akasema haraka. "Sheria ya nne. Mwili wa mtu hauguswi kwa comment. Hiyo ni red card moja kwa moja, haina onyo."

Kapteni alikuwa ameshapata herufi zote, na ameshatuma.

"Mzee, umeandika nini?"

"Nimeandika asante. Halafu nimeandika mtoto amekonda, kwani huko mnakula peke yenu?"

Dakika tatu baadaye skrini ikabadilika. Kundi likatoweka, picha na maoni mia saba pamoja nalo. Admini Christabel ni mtu wa sheria, na kwa hilo namheshimu. Kapteni akabonyeza mara mbili, mara tatu, kisha akaiweka simu mezani kifudifudi.

"Imeisha," akasema.

Hakuna aliyesema Heron. Spika akammiminia kikombe bila kuulizwa. Lori likaondoka na majani yetu, watu wakaanza kukusanya magunia matupu, na mimi nikamkunjia mzee mwenzangu gunia lake. Ndipo simu ikatetemeka pale mezani.

Ilikuwa WhatsApp. Kapteni akasoma, akampa Data asome kwa sauti kwa sababu hakuamini macho yake.

"Baba, umefanya nini? Nimeitwa na bosi wa jikoni. Wageni kumi na moja wamesimama hapa na sahani, mmoja ameshika kuku mzima, wanasema hawaondoki mpaka nile na wanione nikimeza. Nijibu nini?"

Kapteni akachukua simu yake. Akavaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja, herufi nne, akatuma.

"Umemwambia nini?" Feri akauliza.

"Nimemwambia kula."