Msemaji wa Ukoo na Kidonge Chake

Jumatatu, 3 Machi 2025

Aibu! Juzi kule Witeithie nililala mbele ya wageni. Si kusinzia. Kulala kabisa, mdomo wazi, katikati ya ruracio, siku ambayo pande mbili zinazungumzia mahari. Na mimi ndiye msemaji wa ukoo wetu! Msemaji wa wageni aliuliza swali la kwanza, akangoja. Watu wote wakangoja. Wakonyo, mke wangu, anasema jibu nililotoa lilikuwa koromo. Binamu yangu Muriithi akainuka, akavua ile kofia yake ya ngozi, akaimaliza shughuli vizuri. Akapigiwa makofi.

Si uvivu. Ni ugonjwa. Tezi ya shingoni, wanaiita thairoidi, imelegea na haifanyi kazi yake. Miaka tisa sasa. Usingizi mchana, uso umevimba, sauti inakwaruza, nasikia baridi wakati wenzangu wanajipepea kwa magazeti. Dawa ninayo. Kidonge kidogo cheupe kila asubuhi. Nameza. Sioni tofauti.

Leo familia imekaa hapa kwangu Ruiru. Tarehe 26 Aprili watu wa Gatuanyaga wanakuja kuzungumzia mahari ya Gathoni, binti ya marehemu mdogo wangu Maina. Nilimwahidi Maina akiwa kitandani hospitalini kwamba siku hiyo nitamsemea mtoto wake mimi mwenyewe. Muriithi akasema, kwa ule upole wake wa kuudhi, kwamba yuko tayari kunipumzisha. Beth, mamake Gathoni, akaamua. Atanisindikiza kwa daktari. Daktari akisema dawa inafanya kazi, nitasema mimi. La sivyo, Muriithi.

Muriithi ameondoka akipiga mluzi. Nimeuchukia hata huo mluzi.

Alhamisi, 6 Machi

Thika, kwa Daktari Kanini. Peke yangu, kutayarisha uwanja. Ni mdogo kwa umri lakini hachekicheki. Nikamwambia dawa yake haina nguvu, aniongezee. Akauliza kama naimeza kila siku. Nikasema kila siku, bila kukosa. Hapo niliupunguza ukweli kidogo. Kuna asubuhi Cindy anakataa kukamuliwa na kidonge kinasahaulika. Cindy ni ng'ombe wangu. Kuna pia mwezi wa Desemba wote, maana nani humeza dawa wakati wa sherehe?

Amekataa kuongeza chochote kabla ya kupima damu. Nirudi tarehe 20, pamoja na Beth. Kumbe ni mtihani tu. Mitihani naijua.

Jumatatu, 17 Machi

Mpango. Shuleni nilikuwa nasoma siku tatu za mwisho, na nilipita. Karibu kupita. Kwa hivyo vidonge vyote nilivyounyima mwili wangu, naurudishia sasa kabla ya damu kutolewa. Ni haki yake. Nimemeza vya kutosha asubuhi. Jioni nitameza vingine.

Muriithi alipita, akasema naonekana mchovu. Cheka tu, bwana. Cheka.

Jumatano, 19 Machi

Moyo unapiga ngoma. Vidole vinatetemeka. Nimefagia zizi, nikalifagia tena. Nimepaka mparachichi chokaa. Nimegombana na redio. Usingizi hakuna. Wakonyo ameuliza nimekunywa nini. Nikamwambia hii ni afya. Akasema afya haitoi mtu macho namna hiyo.

Alhamisi, 20 Machi

Siku mbaya kuliko ile ya Witeithie.

Damu ilitolewa asubuhi, majibu yakatoka mchana. Beth alikaa kando yangu na mkoba wake magotini. Daktari Kanini akatazama karatasi, akanitazama mimi, akatazama tena karatasi. Akasema damu yangu imejaa dawa. Lakini ubongo wangu bado unapiga kelele kwamba haujaona dawa kwa miezi. Akasema hayo mawili hayaendi pamoja ila kwa mtu mmoja tu, yule anayekumbuka kumeza dawa wiki ya kupimwa.

Nimewahi kusalitiwa na marafiki. Na damu yangu mwenyewe, sijawahi.

Kisha akausikiliza moyo wangu kwa muda mrefu, akanikemea kama mtoto. Akasema ule mchezo ungeweza kunilaza chini kabisa. Nilitazama picha ya figo iliyokuwa ukutani. Ameagiza kidonge kimoja kwa siku, kile kile cha zamani, nirudi baada ya wiki sita.

Tulitembea na Beth hadi stendi. Hapo akasema tu kwamba Maina alikuwa akinisifu sana mbele za watu. Iliniuma kuliko matusi. Baadaye akaongeza kwamba hajampa Muriithi kazi bado. Ataniangalia kwa macho yake hadi Pasaka.

Kabla sijafika nyumbani Muriithi alikuwa amenipigia kunipa pole. Nani alimwambia?

Jumanne, 25 Machi

Wiki sita! Wakati huo Gathoni atakuwa ameshasemewa na kofia ya ngozi. Mpango mwingine ulihitajika. Hapa Ruiru kuna kliniki ya jioni, watu hawanijui. Ningeingia kama mgonjwa mpya, nipewe dawa yenye nguvu, nimeze zote mbili. Karani aliuliza jina. La kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa Muriithi. Hata nilifurahi kidogo. Kama kuna aibu, iwe yake.

Wakaita Muriithi. Wakaita tena. Mama aliyekaa kando yangu akanigusa bega, akaniuliza kama si mimi. Nikaingia. Na ndani ni nani? Daktari Kanini! Mchana yuko Thika, jioni yuko Ruiru. Mtu angejuaje?

"Karibu, Mzee Muriithi," akasema, uso mkavu.

Nikajitetea kwamba Muriithi ni jina langu la ubatizo. Hakuna padri popote duniani aliyewahi kumbatiza mtu Muriithi, na sote wawili tulilijua hilo.

Hakunifukuza. Alikuwa na chai yake mezani kwenye chupa, na kwa sababu ana adabu, akanimiminia. Nikaona nafasi ya kujisafisha. Nikatoa kidonge cha leo mfukoni, maana asubuhi kilikuwa kimenipita, nikakimeza pale pale mbele yake kwa funda kubwa la chai. Aone mwenyewe mtu mwaminifu.

Kalamu ikamwanguka. "Mzee, ngoja. Umemeza na nini?"

Nikamwambia na chai, kama kawaida.

"Chai ya maziwa? Miaka yote hiyo?"

Nikamwambia miaka yote tisa, na si haya maziwa ya paketi. Ni ya Cindy, mazito, chai yake hata rangi haibadiliki ukiongeza maji. Akafunika uso kwa mikono. Nilidhani analia.

Nilipewa maelezo kama darasa la pili. Dawa hii inataka maji matupu na tumbo tupu, na baada yake mtu angoje saa nzima kabla ya chai au chakula. Maziwa huikamata huko tumboni, nyingi inapita na kwenda zake bila kuingia kwenye damu. Akasema hakika niliambiwa siku ya kwanza. Niliambiwa, ndiyo. Nilidhani maji ni ya watu wasio na ng'ombe. Kwetu hakuna kitu kinachotangulia chai asubuhi. Hata maombi tunayafupisha.

Miaka tisa ya dawa imeishia chooni. Nilimwonea Cindy huruma, kusingiziwa hivyo. Kisha nikajionea mimi.

Daktari akampigia Wakonyo. Nilimsikia Wakonyo akicheka kutoka nilipokaa. Halafu akaacha kucheka, na hapo ndipo nilipoogopa.

Ijumaa, 28 Machi

Nyumba yangu iko chini ya serikali mpya. Nikifungua macho, Wakonyo amesimama juu yangu na glasi ya maji. Namezeshwa. Nafunguliwa mdomo kukaguliwa. Chupa ya chai imefichwa nisikojua. Saa nzima bila chai! Nimekaa kitandani nikitazama ukuta. Sikujua ukuta wetu una nyufa nyingi hivyo.

Leo nilipata wazo. Huwa napeleka maziwa kwa Emmah, mwenye kibanda cha chai na maandazi kule kona. Nikamwomba kikombe kidogo, cha kuonja tu kama maziwa ni mazuri.

"Wee Baba Mitchell, saa yako bado," akasema, tena kwa sauti. "Mama Mitchell amesema usipewe." Huyo ni Wakonyo; Mitchell ni mtoto wetu wa kwanza.

Nikaenda kwa jirani yake. Vile vile. Nikamjaribu mlinzi wa ploti ya mbele, yule anayechemsha chai kwenye mkebe. Akaufunika mkebe kwa kofia. Mtaa mzima unajua ratiba ya tumbo langu!

Jumatatu, 14 Aprili

Kuna kitu. Asubuhi nilimwita Cindy na sauti ikatoka, nzito, ya zamani. Akageuka kwa mshangao. Jana baada ya kanisa mtu alisema mzaha nikacheka papo hapo. Kwa miaka nimekuwa nikicheka jioni. Koti limebaki msumarini siku tatu na sikulikumbuka.

Wakonyo anasema ni yeye na glasi yake. Hapana. Tuseme ukweli. Nisingekuwa na akili ya kwenda kliniki ya jioni kwa jina la uongo, nani angegundua mambo ya maziwa? Mpango ulikuwa wangu.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Beth alikuja kunipima kwa njia yake. Alinilisha irio na nyama hadi nikashindwa kuinama, akaniweka kwenye kochi laini, akaanza kunieleza habari za mapazia ya hema la ruracio. Rangi zake. Kitambaa chake. Fundi aliyemkosea kipimo. Alasiri nzima! Muriithi alikuwa kwenye kiti cha pili, akingoja nianguke.

Sikuanguka. Nilimwuliza hata maswali kuhusu pindo. Beth akafunga mdomo, akatabasamu, akasema basi, nitasema mimi. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya tangi la maji hadi macho yakauke.

Jumamosi, 26 Aprili

Naandika nikiwa bado na suti.

Watu wa Gatuanyaga walifika na vumbi lao hadi kwenye kope. Wanawake wetu wakawazuia langoni hadi wakaimba vizuri. Msemaji wao ni Muasya, mjomba wa bwana harusi, mzee mrefu mwenye maneno ya kuzunguka. Akasema kuna ndama wao aliyepotea na nyayo zake zinaingia boma hili. Nikamwambia boma hili lina ndama wengi, aseme wake ana alama gani. Akasema ana mwendo wa pole. Nikamjibu basi huyo si wetu, wetu wote wana haraka. Watu wakashangilia. Tuliendelea hivyo, yeye akitupa, mimi nikidaka. Sikupoteza neno hata moja.

Wasichana wakaletwa wamefunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, ili kijana amtambue wake. Kijana anaitwa Mumo. Alizunguka, akafikiri, akamshika Wakonyo! Nikamwambia Muasya huyo ana mwenyewe, tena ana kelele, lakini wakituheshimu vizuri tunaweza kuzungumza. Hema likavunjika mbavu. Wakonyo hakuvunjika. Mara ya pili Mumo akampata Gathoni, na Gathoni alikuwa anatetemeka chini ya leso kwa kucheka.

Baada ya chakula, hotuba ya Muasya ikiwa katikati, nikasikia koromo. Si mimi! Muriithi, kofia imemshukia puani. Sikumwamsha. Niliomba tu watu watulie, tumsikie vizuri.

Jioni Gathoni alinikumbatia. Akasema, "Baba mkubwa, leo nimesikia kama ni baba anaongea." Ameniomba nimwingize kanisani siku ya harusi, tarehe 16 Agosti, mahali pa Maina. Nilisema ndiyo. Nililia mbele za watu wote na sikujali.

Jumapili, 11 Mei

Majibu mapya yalitoka Ijumaa. Daktari Kanini amesema damu na ubongo sasa vinasema kitu kimoja, niendelee hivi hivi. Nikamwuliza hadi lini. Akasema maisha yangu yote. Ni mtoto mzuri, lakini bado mdogo. Hajui kwamba mtu mzima akipona, amepona.

Nimekaa nikafikiri. Kazi kubwa iliyo mbele ni Agosti. Lazima niingie kanisani na Gathoni nikiwa na nguvu kama kijana, maana ni Maina nitakayekuwa nimemsimamia. Sasa, dawa ikimezwa kila siku mwili huizoea, huidharau. Kwa hivyo nimeanza kuupumzisha mwili tangu jana. Mei, Juni, Julai, hakuna kidonge. Halafu wiki moja kabla ya harusi naanza upya kwa nguvu, vya kutosha asubuhi na jioni, niamke kama nimepigwa pasi. Daktari alikataza hilo kwa ajili ya kupima damu. Harusini hakuna anayepimwa damu.

Asubuhi hii Wakonyo ameuliza kama nimemeza. Nikasema nimemeza. Akaitazama glasi ya maji, ilikuwa bado imejaa. Akatoka uani na simu, na nikamsikia akimwambia Muriithi aende mjini mapema apimwe suti ya kijivu. Sijui ni suti ya nini. Muriithi hana kazi yoyote kwenye harusi hii.